Uvutano, jeni na vimeng'enya katika mimea ya nafaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Laza chungu chenye mche wa mahindi ubavu jioni, na kesho yake utakuta bua limeanza kuinuka na ncha za mizizi zimegeukia chini. Katikati ya hayo mawili kuna jeni zilizowaka, nyingine zikazimika, na vimeng'enya vilivyoongeza kasi upande mmoja wa bua na kutulia upande wa pili. Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudiwa sana kuhusu mlolongo huo. Maswali yana namba, na jibu lililokwisha kutolewa halirudiwi: utaelekezwa lilipo.

## Mambo ya msingi

1. Je, uvutano unaweza kugusa jeni au kimeng'enya moja kwa moja?

Hapana, na hili ndilo la kushika kabla ya mengine yote. Molekuli ya kimeng'enya ni nyepesi mno. Chukua protini yenye uzito wa kilodaltoni 100 (kipimo cha uzito wa molekuli) na uidondoshe mikromita 10, yaani umbali wa ndani ya seli moja. Nishati itakayotoka ni sehemu chache tu kwa milioni ya nishati ya mtikisiko wa joto unaoisukuma protini hiyo huku na huko kila wakati. Kwa molekuli, juu na chini havipo.

Punje ya wanga ni habari nyingine. Amiloplasti, yaani kifuko cha seli kilichojaa wanga, yenye upana wa mikromita 3 ni nzito kuliko majimaji yanayoizunguka, na ikianguka umbali huohuo hutoa nishati inayozidi mtikisiko wa joto zaidi ya mara mia moja. Hiyo inaweza kuzama, na kweli huzama. Kwa hiyo mtu akisema "uvutano umeongeza kimeng'enya fulani", maana yake ni kwamba kitu kizito kilihama, ishara ikapita, homoni ikasogea, jeni ikanakiliwa, kisha kimeng'enya kikaongezeka. Kazi ya mtafiti ni kujua mabadiliko aliyoyaona yametoka kwenye kiungo kipi cha mnyororo huo.

2. Mmea wa nafaka unahisi uvutano kwa sehemu gani?

Kwenye mzizi ni kofia ya mzizi, hasa seli za katikati ya kofia zenye amiloplasti zinazozama. Kwenye chipukizi changa la nafaka ni koleoptili, ile ala inayolifunika jani la kwanza linapotoboa udongo. Kwenye mmea mkubwa ni vifundo vya bua. Katika ngano, shayiri na oti, sehemu inayojipinda ni uvimbe ulio chini ya ala ya jani, pale inaposhikana na kifundo. Mahindi yana tishu mbili za namna hiyo katika kifundo kimoja: moja ya ala ya jani na nyingine ya bua lenyewe.

Jani pana, suke na punje hazina kazi kubwa hapa. Ukichukua sampuli ya jani kutafuta jeni za uvutano, tarajia kupata kidogo sana (tazama swali la 17).

3. Ishara inatokaje kwenye wanga hadi kwenye jeni?

Amiloplasti zikitua upande mpya wa seli, protini za jamii ya LAZY zinazokaa juu yake huhamia kwenye utando wa seli wa upande huo. Hatua hii ilionyeshwa mwaka 2023 katika mmea wa maabara wa Arabidopsis, na nafaka zina protini za jamii hiyohiyo. Hapo visafirishaji vya oksini, homoni ya ukuaji, hupangwa upya, na homoni hiyo husukumwa kuelekea upande wa chini. Sambamba na hilo kuna mawimbi ya kalsiamu, mabadiliko ya pH, na kupanda kwa molekuli ndogo iitwayo IP3, iliyopimwa kwenye vifundo vya mahindi na vya oti ikiongezeka ndani ya sekunde.

Katika koleoptili ya mahindi iliyolazwa, takriban theluthi mbili ya oksini inayosafirishwa hukutwa nusu ya chini na theluthi moja nusu ya juu. Si tofauti ya kutisha, lakini jeni zinazoitikia oksini huisoma vizuri. Msingi wa maelezo haya ulijengwa miaka ya 1920 na Cholodny na Went, kila mmoja kwa upande wake. Went alitumia koleoptili za oti.

4. Kama oksini hujaa chini kote, mbona mzizi unashuka na bua linapanda?

Kwa sababu seli za mzizi na za bua hazina usikivu sawa. Kiwango cha oksini kinachorefusha seli za bua huzuia seli za mzizi kurefuka. Bua linarefuka zaidi chini, kwa hiyo linainuka. Mzizi unazuiwa chini huku upande wa juu ukiendelea, kwa hiyo unainama. Jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja kwenye vipimo vyako: kimeng'enya kinacholegeza ukuta wa seli utakikuta na nguvu zaidi upande wa chini wa bua, lakini upande wa juu wa mzizi. Wanaosahau hili hufikiri wamebadilisha lebo za sampuli kwa bahati mbaya. Wakati mwingine huwa wamebadilisha kweli.

5. Mlolongo wote huchukua muda gani?

Inategemea kiungo. Amiloplasti huzama ndani ya dakika chache. Kalsiamu, pH na IP3 hubadilika ndani ya sekunde hadi dakika. Jeni za mwanzo zinazoitikia oksini huanza kupanda katika dakika za mwanzo hadi nusu saa. Mzizi wa mahindi huonyesha mpindo kwa macho kati ya nusu saa na saa moja, na koleoptili karibu hivyohivyo. Kifundo cha bua la mahindi ni kizito: mpindo huonekana baada ya saa 8 hadi 10, na hauishi siku hiyo. Oti huanza mapema zaidi.

Ratiba ya sampuli lazima ifuate kiungo unachokitafuta. Mtu anayechukua sampuli moja tu baada ya saa 24 anapima matokeo ya kujipinda, si chanzo chake.

## Jeni

6. Nianze na jeni zipi?

Kama ni mara ya kwanza, chagua jeni za makundi matatu. Kwanza, zinazoitikia oksini haraka: familia za SAUR, Aux/IAA na GH3. Hizi ndizo kipimajoto chako. Zisipoonyesha tofauti kati ya juu na chini, jaribio halijafanya kazi na hakuna haja ya kuendelea. Pili, jeni za kazi: za invatesi (kimeng'enya kinachovunja sukari, swali la 9), za ekspansini (protini inayolegeza ukuta wa seli), na zinazojenga ukuta wa seli. Katika mahindi, Ivr2 ya invatesi ya vakuoli (kifuko kikubwa cha maji ndani ya seli) imechunguzwa sana kwenye vifundo. Tatu, jeni za mshtuko: zile zinazoamshwa na mguso, na ile ya alkoholi dehidrojenesi inayopanda mmea ukikosa oksijeni. Kundi hili la tatu huachwa na wengi, nalo ndilo litakalokuambia kama ulichokipima ni uvutano au ni vidole vyako.

Kwenye mpunga ongeza WOX6 na WOX11, ambazo hujitokeza zaidi upande wa chini wa kitako cha chipukizi kilicholazwa.

7. LAZY1, DRO1 na EGT2 zinafanya nini hasa?

LAZY1 inahitajika ili oksini igawanyike bila usawa baada ya mmea kulazwa. Mpunga usio na jeni hii husambaza machipukizi yake kama mkeka, na mahindi yasiyo nayo hulala chini baada ya kukua kiasi. Kinachovutia ni kwamba amiloplasti za mpunga huo huzama kama kawaida. Tatizo liko mbele zaidi kwenye mnyororo. Jeni hiyo ilitambuliwa katika mpunga mwaka 2007 na katika mahindi mwaka 2013.

DRO1 ni ya jamii hiyohiyo lakini kazi yake iko kwenye mizizi. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walionyesha kwamba aina ya mpunga IR64 ina DRO1 iliyokatika kwa upungufu wa herufi moja ya DNA. Walipoingiza DRO1 nzima kutoka aina ya Kinandang Patong, mizizi ilishuka kwa pembe kali zaidi na mavuno wakati wa ukame yakawa bora. Hapa ndipo elimu ya uvutano inapogusa shamba: pembe ya mzizi huamua kama mmea utafikia maji ya chini au utabaki kugombea ya juu.

EGT2 inavuta upande wa pili. Shayiri iliyopoteza jeni hii huteremsha mizizi wima zaidi kuliko kawaida, na ngano iliyoondolewa jeni hiyo hufanya vivyo hivyo. Maana yake mmea una breki inayozuia mizizi yote isichimbe moja kwa moja chini. Breki hiyo ina faida: fosforasi, kwa mfano, hukaa zaidi kwenye udongo wa juu.

8. Je, jeni hizi zenyewe hupanda na kushuka mmea unapolazwa?

Usitegemee hivyo. Protini ya LAZY hufanya kazi kwa kubadilisha mahali ilipo, si lazima kwa kuongezeka. DRO1 hukandamizwa na oksini, kwa hiyo unaweza kuona kiasi chake kikibadilika, lakini hayo ni matokeo ya ishara. Jeni muhimu kwa jambo fulani na jeni inayobadilika wakati wa jambo hilo ni vitu viwili, na orodha ndefu za RNA, yaani nakala za jeni, huonyesha aina ya pili tu.

## Vimeng'enya

9. Kwa nini invatesi hutajwa kila mara?

Kwa sababu kifundo kinachojipinda kinahitaji sukari mahali pamoja na kwa haraka. Kujipinda kwa kifundo hakutokani na seli mpya kuzaliwa. Seli zilizopo upande wa chini hurefuka, na za juu kabisa huweza zisirefuke hata kidogo. Kurefuka kunahitaji vitu viwili: maji yavutwe ndani ya seli, na ukuta uongezwe. Invatesi huvunja sukrosi moja kuwa glukosi na fruktosi, kwa hiyo idadi ya molekuli zinazovuta maji inakuwa maradufu, na papo hapo malighafi ya selulosi inapatikana.

Katika vifundo vya oti na vya mahindi vilivyolazwa, invatesi huongezeka zaidi nusu ya chini, RNA na shughuli ya kimeng'enya vyote viwili. Tofauti hiyo huanza kabla ya mpindo kuonekana, ndiyo maana inachukuliwa kuwa sehemu ya chanzo.

10. Vimeng'enya vya ukuta wa seli hubadilikaje uvutano ukipungua au ukizidi?

Hapa ushahidi wa nafaka ni mzuri. Mpunga uliooteshwa angani mwaka 1998, katika safari ya chombo cha Marekani STS-95, ulitoa koleoptili ndefu zaidi zenye kuta laini zaidi. Shughuli ya glukanesi, vimeng'enya vinavyokata beta-glukani za ukuta, ilikuwa juu, na minyororo ya glukani hiyo ilikuwa mifupi. Katika jaribio la baadaye kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, chipukizi za mpunga zilikuwa na asidi ya feruliki na ya diferuliki kidogo katika ukuta. Hizi ndizo gundi inayofunga minyororo ya arabinozailani (sukari ndefu za ukuta), na peroksidesi ndizo zinazoifunga.

Ukienda kinyume, matokeo nayo hugeuka. Ngano iliyozungushwa kwenye sentrifuji kwa 300 g, yaani mara 300 ya uvutano wa ardhini, iliongeza mtandao wa asidi hizo, na ukuta ukawa mgumu. Kwa lugha nyepesi, mmea hujenga mifupa kulingana na mzigo unaobeba. Mwitikio huu wa ugumu ni tofauti na ule wa mwelekeo: unaweza kutokea bila mmea kujipinda popote. Usiuchanganye na majibu ya swali la 3.

11. Na alfa-amilesi ya mbegu inayoota?

Kimeng'enya hicho cha kuvunja wanga huamriwa na homoni ya jibarelini kutoka kwenye kiinitete, na mbegu huota ikiwa imelala upande wowote. Ukitaka kusoma uvutano, si mahali pazuri pa kuanzia.

12. RNA imepanda mara tatu lakini shughuli ya kimeng'enya haijabadilika. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea. Protini huchelewa: RNA ikipanda saa ya kwanza, kimeng'enya kinaweza kuonekana saa kadhaa baadaye. Invatesi pia ina protini zinazoizuia ndani ya mmea. Ukisaga tishu unavikutanisha vitu ambavyo katika seli hai vilikaa mbalimbali. Sababu ya tatu ni kuchanganya aina. Ivr2 ni ya vakuoli na hupimwa kwa asidi. Ukipima kwa pH 7.5 unaona invatesi ya saitoplazimu. Na kama umesaga kifundo kizima, ongezeko la nusu ya chini linamezwa na utulivu wa nusu ya juu.

## Kufanya jaribio

13. Jaribio rahisi la kuanzia ni lipi?

Mizizi ya mahindi. Loweka mbegu saa 12, ziote kwenye karatasi yenye unyevu gizani kwa nyuzi 25 za Selsiasi siku mbili hadi tatu, mpaka mizizi ifike sentimita 1.5 hadi 2.5. Chagua iliyonyooka tu. Ibandike kwenye sahani iliyosimama wima, ndani ya chombo chenye hewa iliyojaa unyevu, na uiache saa moja itulie. Kisha geuza sahani nyuzi 90 na piga picha kila dakika 15.

Unyevu ukiwa mwingi upande mmoja, mzizi utafuata maji badala ya uvutano, na picha zako zitakuwa za kitu kingine. Karatasi inayogusa mzizi upande mmoja tu ni kosa la kawaida sana.

Anayetaka kuona kemia bila maabara kubwa aweke mizizi juu ya aga laini ya asilimia 0.7 yenye rangi ya bromokresoli zambarau, pH ikiwa karibu 6 na bila bafa. Palipo na asidi aga hugeuka njano. Baada ya kulazwa, njano hukolea upande wa juu wa sehemu inayorefuka, ambako ndiko mzizi unakorefuka zaidi (swali la 4 linaeleza kwa nini si chini).

14. Kwenye vifundo, nikate wapi na nichukue kiasi gani?

Tumia mimea ya umri mmoja, na kifundo chenye namba ileile kutoka chini kwa kila mmea. Kabla ya kulaza, weka alama ya wino usiofutika upande utakaokuwa chini. Wakati ukifika, kata pulvini (ule uvimbe unaojipinda, swali la 2) peke yake, kipande cha milimita 5 hadi 10, ukipasue kwa urefu na kutupa ukanda mwembamba wa katikati. Tumbukiza kila nusu kwenye nitrojeni oevu ndani ya sekunde 30. Jeni zinazoitikia jeraha huwaka ndani ya dakika chache, na wembe wako ni jeraha.

Nusu moja ina tishu kidogo, kwa hiyo unganisha nusu 10 hadi 20 kuwa sampuli moja. Sampuli hizo zilizounganishwa ziwe zisizopungua 3, afadhali 5, kutoka mimea tofauti na siku tofauti. Kupima sampuli ileile mara tatu kwenye mashine si marudio ya kibiolojia.

Kwa RNA, saga miligramu 100 kwa kila mililita 1 ya kiyeyusho cha fenoli na guanidini, tibu kwa DNesi ili kuondoa DNA, na hakikisha uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa ule wa 280 uko kati ya 1.8 na 2.1. Vifundo vina sukari nyingi. Uwiano wa 260 kwa 230 ukishuka chini ya 1.5, osha tena kabla ya kutengeneza cDNA (nakala ya DNA ya RNA hiyo). Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) ziwe na ufanisi wa asilimia 90 hadi 110. Usitumie jeni moja ya rejea (isiyobadilika, ya kulinganishia), na usiteue aktini kwa mazoea: seli zinazorefuka hubadilisha viunzi vyake vya ndani, na aktini ni sehemu ya viunzi hivyo. Tumia mbili au tatu ulizozikagua kwenye nusu zote mbili.

15. Invatesi ya vakuoli hupimwaje?

Saga miligramu 200 za unga uliogandishwa katika mililita 1 ya bafa baridi: HEPES mM 50 ya pH 7.5, magnesiamu kloridi mM 5, na PMSF mM 1, kizuizi cha vimeng'enya vinavyokata protini, iliyoongezwa dakika ileile ya kusaga kwa sababu huharibika ndani ya maji. Zungusha kwa 12,000 g dakika 15 katika nyuzi 4. Pitisha majimaji kwenye safu ya kuondoa chumvi. Hatua hii wengi huiruka, kisha hushangaa kipimo cha sifuri kikiwa juu: tishu ilikuja na glukosi yake yenyewe.

Changanya dondoo na sukrosi mM 100 katika asetati ya sodiamu mM 50, pH 4.7, kwa nyuzi 30. Toa kiasi kidogo kila baada ya dakika 10 mpaka nusu saa itimie, na usimamishe kwa nyuzi 95 kwa dakika 3. Pima glukosi kwa heksokinesi na glukosi-6-fosfati dehidrojenesi kwa mawimbi ya nanomita 340. Katika kyuveti ya sentimita 1 yenye mililita 1, ongezeko la 0.311 ni sawa na nanomoli 50 za glukosi. Kama mchanganyiko wako una fosfoglukosi isomeresi, fruktosi nayo itahesabiwa na jibu litakuwa maradufu.

Mstari ukipinda kabla ya dakika 20, kimeng'enya ni kingi mno, punguza dondoo. Gawanya kwa miligramu za protini na pia kwa uzito wa tishu, kwa sababu nusu ya chini inayovuta maji hupunguza protini kwa kila gramu, na kigawanyo kimoja peke yake kinaweza kukupa tofauti ambayo haipo.

Mabaki ya kuta yaliyozama usiyatupe. Yaoshe mara tatu, kisha uyaloweke kwa chumvi ya M 1 ili kutoa invatesi ya ukuta.

## Klinostati, sentrifuji na anga

16. Klinostati inaondoa uvutano?

Haiondoi. Ni mashine inayozungusha mmea polepole, na hivyo inageuza mwelekeo wa uvutano kwa mmea mara kwa mara mpaka amiloplasti zisipate pa kutua. Kasi ya mizunguko 1 hadi 4 kwa dakika hufaa miche mingi. Msukumo wa pembeni huhesabiwa hivi: 0.00001118 mara nusu kipenyo kwa sentimita, mara mizunguko kwa dakika iliyozidishwa yenyewe. Kwa mizunguko 2 na sentimita 5 unapata takriban 0.0002 g, kiasi kidogo. Kwa mizunguko 60 kwenye umbali huohuo unapata 0.2 g, na mmea unaanza kuelekea katikati ya mashine.

Fomula ileile hutumika kwa uvutano mkubwa. Kutaka 300 g kwenye nusu kipenyo cha sentimita 10 kunahitaji mizunguko karibu 1,640 kwa dakika. Wazo lenyewe ni la zamani: Thomas Andrew Knight wa Uingereza aliotesha mbegu kwenye gurudumu la maji mwaka 1806, na mizizi ikaelekea nje.

Kundi la ulinganisho la klinostati si mche uliosimama mezani. Ni mche unaozungushwa kwa kasi ileile huku mhimili wa mashine ukiwa wima, ili mtetemo wa mota na upepo wa kuzunguka viwe sawa kwa wote.

17. Matokeo ya ngano na mpunga angani yanasemaje?

Ngano aina ya Apogee ilioteshwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2002 na kuvunwa ikiwa na siku 24. Katika mwanga wa kawaida usanisinuru haukutofautiana na wa ardhini, na majani hayakuonyesha jeni iliyobadilika kufikia mara mbili. Matokeo haya hayatajwi sana kwa sababu hayana msisimko, lakini ni ya thamani: mazingira yakidhibitiwa vizuri, jani la ngano halijali sana kupotea kwa uvutano.

Mpunga ulikamilisha safari ya mbegu hadi mbegu kwenye kituo cha China mwaka 2022, kwa siku 120. Mabadiliko ya ukuta wa seli yameelezwa kwenye swali la 10.

18. Kwa nini ngano ya kituo cha anga cha Mir ilitoa masuke matupu? Uvutano ndio ulioua chavua?

Hapana, ilikuwa ethilini. Ngano fupi ya Super Dwarf ya mwaka 1996 hadi 1997 ilitoa masuke mengi bila punje hata moja. Hewa ya kituo ilikuwa na ethilini zaidi ya sehemu moja kwa milioni, na majaribio ya ardhini kwa kiwango hicho yalitoa utasa uleule. Baadaye Apogee, inayostahimili ethilini zaidi, ilitoa punje 508 ndani ya kituo hichohicho.

Kisa hiki kikumbukwe kila mtu anaposoma "jeni za anga". Bila uvutano hewa ya moto haipandi, kwa hiyo gesi hujikusanya kuzunguka jani, na maji hung'ang'ania kama blanketi kuzunguka mizizi na kuinyima oksijeni. Alkoholi dehidrojenesi ikipanda, kiungo cha kwanza cha kushukiwa ni hewa. Dawa yake ni feni, na kundi la ulinganisho linalozungushwa kwa 1 g ndani ya chombo kilekile cha anga.

19. Je, uvutano kweli haupo kwenye kituo cha anga?

Upo, karibu asilimia 90 ya wa ardhini. Kituo na mmea vinaanguka pamoja, ndiyo maana amiloplasti haizami.

## Hali zisizo za kawaida

20. Mizizi yangu ya mahindi inakua kwa mlalo gizani wala haishuki. Mbegu ni mbovu?

Huenda ni aina inayohitaji mwanga. Aina ya Merit inajulikana kwa hilo: gizani mizizi yake huenda mlalo, na ukiimulika kofia kwa mwanga mwekundu muda mfupi inaanza kushuka. Ni chombo kizuri cha utafiti, kwa kuwa unaweza kuwasha mwitikio utakapo. Ila ni balaa kwa asiyejua, maana taa aliyoiwasha kuchukua sampuli ndiyo iliyoanzisha jaribio.

21. Kofia ya mzizi ikikatika, mzizi unakufa?

Haufi, wala hauachi kurefuka. Unapoteza mwelekeo tu, na kofia mpya inapoota, kwa mahindi ndani ya siku moja hadi mbili, mwelekeo hurudi. Mizizi iliyotolewa kwenye mchanga mkavu mara nyingi huwa imeacha kofia humo. Ichunguze kwa lenzi kabla ya kuilaumu jeni.

22. Mimea iliyolala kwa upepo: mbona mingine huinuka na mingine hubaki chini?

Umri wa kifundo. Kifundo kichanga bado kina seli zinazoweza kurefuka. Kilichokomaa kimejaa lignini, kitu kinachokaza ukuta wa seli, na hakisogei, hata kama amiloplasti zake zinazama na oksini ikagawanyika. Kwa hiyo mmea uliolala mapema huinuka kwa vifundo vya juu na kubaki na mkunjo wa goti, na uliolala punje zikikaribia kukauka hauinuki tena. Ukipima jeni kwenye kifundo kizee unaweza kukuta oksini imeitikiwa bila mpindo wowote. Kiungo kilichokatika hapo ni cha mwisho, ukuta wenyewe.

23. Mutanti yangu (mmea wenye jeni iliyobadilika) ina wanga kidogo lakini bado inajipinda. Nadharia ya wanga imekufa?

Bado ipo hai. Wanga kidogo hupunguza mwitikio, hauufuti. Mahindi ya amilomaizi, yenye amiloplasti ndogo, yalionyesha tangu 1969 kwamba mzamo mdogo huendana na oksini ndogo inayovuka na mpindo mdogo, vyote vitatu kwa pamoja. Pima vyote vitatu kwa mutanti yako pia. Kama amiloplasti zinazama polepole lakini mpindo ni wa kawaida, ongeza pembe ndogo, nyuzi 15 na 30, kwa sababu nyuzi 90 ni kichocheo kikubwa kinachoweza kuficha udhaifu.